Sura ya Nne: Kikombe Kikae Wapi?

Mabawa ya Spitfire halisi, ndege ya kivita ya Waingereza wa Vita vya Pili vya Dunia, yana eneo la mita za mraba 22.5 hivi. Yapunguze hadi skeli ya 1/48 na upande wa juu unabaki sentimita za mraba 98, yaani mraba wa kumi kwa kumi usiotimia. Sasa chukua Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza katika vita hivyohivyo, kwa skeli ya 1/32 kama ile ya HK Models. Mabawa yake halisi yana mita za mraba 120. Kwenye modeli ni karibu sentimita za mraba 1,180, mara kumi na mbili ya Spitfire, na kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 97. Modeli hizi mbili huweza kutengenezwa na mtu mmoja kwenye meza moja. Ila brashi ya hewa inayoifaa ya kwanza inaweza kumchosha mwenyewe vibaya akiipeleka kwenye ya pili, hata kama ni ya bei kali na jina kubwa.

Wanunuzi wengi huanza na sindano: ni ya milimita 0.2, 0.3 au 0.5? Halafu huuliza kompresa, halafu bei. Mahali rangi inapokaa huonekana ni suala la sura tu, kama vile mpini wa buluu au wa fedha. Kuna mahali patatu pa kawaida: kikombe juu ya mwili wa brashi, chupa inayoning'inia chini yake, au kikombe kilichochomekwa ubavuni. Mimi huliweka swali hili mbele ya sindano. Sindano nyingi hubadilishika na nozeli yake kwa pesa kiasi. Mwili wa brashi uliotobolewa kupokea chupa chini utabaki hivyo maisha yake yote.

Ili kuelewa kwa nini mahali pana uzito, tuondoe kwanza dhana moja. Wengi huamini kwamba kompresa ndiyo inayosukuma rangi itoke. Hewa ya kompresa haiigusi rangi iliyomo kikombeni hata kidogo. Hupita pembeni mwa nozeli kwa kasi, na pale inapotokea mdomoni presha hushuka chini ya presha ya hewa ya chumbani. Panazuka ombwe dogo. Hewa ya chumbani, ambayo muda wote imeikalia rangi, huisukuma kuelekea kwenye ombwe hilo, na sindano iliyorudishwa nyuma na kidole huamua ipite kiasi gani. Uhusiano huu wa kasi na presha ndio Daniel Bernoulli alioueleza katika kitabu chake cha Hydrodynamica mwaka 1738, akiwa na maji akilini.

Kwa hiyo rangi ina safari ya kwenda, na kikombe huamua safari hiyo ni ipi. Ikiwa juu, inateremka sentimita chache tu hadi kwenye sindano na uzito wake wenyewe unaisaidia. Ikiwa chini, inapanda mrija wa sentimita tano au zaidi, inakata kona, ndipo inaifikia sindano. Kupanda kwenyewe si kazi ya ajabu: kuinua maji sentimita tano kunataka tofauti ya presha ya psi 0.07 tu. Tatizo ni kwamba rangi si maji, mrija ni mwembamba, na rangi nzito huburutana na kuta za mrija njia nzima. Na ombwe la mdomoni nalo halina nguvu ya kujivunia. Ukiipunguza hewa hadi psi 10, ombwe hupungua nayo, na hapo chupa ya chini huanza kusitasita: rangi inakuja, inakatika, kisha inakuja kwa mkupuo.

Huo ndio msingi wa sura hii nzima. Mahali pa kikombe huamua presha ya chini kabisa unayoweza kuitumia. Presha huamua unaweza kusogea karibu kiasi gani na plastiki bila kuiharibu kazi. Ukaribu huo huamua mstari wako utakuwa mwembamba kiasi gani. Kikombe cha juu hufanya kazi kwa raha kati ya psi 10 na 20, na psi 15 ni takriban bar moja. Chupa ya chini hutaka 20 hadi 30, na rangi nzito hudai zaidi.

Aliyekulia jirani na gereji ya magari ameshaiona chupa ya chini ikiwa kazini, hata kama hakuijua kwa jina hilo. Bunduki ya kupulizia rangi yenye kopo la lita moja chini yake ni ndugu mkubwa wa brashi hii, na hufanya kazi kwa kanuni ileile. Fundi huipa presha ya psi 40 au 50, husimama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mlango wa gari, na huenda mbele na nyuma bila kusita. Anafanya sawasawa kabisa, kwa sababu mlango wa gari ni mpana na hauna mchoro wa kufuata.

Brashi ndogo yenyewe ilianzia kwenye kazi nyingine. Abner Peeler wa Webster City, Iowa, alitengeneza chombo cha awali katika miaka ya 1870. Liberty Walkup akainunua hataza yake na kuiendeleza kibiashara huko Illinois, na wateja wao walikuwa warekebishaji wa picha za watu, kazi ya mkono na kivuli laini. Charles Burdick akaleta muundo wake katika miaka ya 1890, hewa na rangi zikikutana ndani ya kichwa cha chombo. Waunda modeli walikuja baadaye sana, wakarithi kilichokuwepo. Kwa miongo mingi, mtu wa Marekani aliyeingia kwenye hobi hii alianza na chupa chini, mara nyingi Paasche H au Badger 350, vyombo vigumu, rahisi, vya kitendo kimoja: kidole hufungua hewa tu, na kiasi cha rangi unakiweka mapema kwa kuzungusha skrubu. Wajapani, Iwata na wenzao, waliwazoesha waunda modeli kikombe cha juu pamoja na vitendo viwili, ambapo kidole hubonyeza kutoa hewa na huvuta nyuma kutoa rangi. Hii ndiyo sababu baadhi ya wazee wa hobi huiapia chupa na vijana huicheka. Kila upande unatetea ulichofundishiwa.

Tuchukue kazi ambayo kikombe cha juu kinaishinda bila ubishi. Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, katikati ya vita ilikuwa na ubavu wa rangi ya RLM 76 (RLM ni mfumo rasmi wa rangi za ndege za Wajerumani), buluu iliyopauka, juu yake madoadoa ya kijivu ya RLM 74 na 75 yaliyopuliziwa kiwandani au kwenye uwanja wa vita, kingo zake zikififia. Doa la sentimita 30 kwenye ndege halisi ni milimita 6 kwenye skeli ya 1/48 na milimita 4 kwenye 1/72. Kulipata, unashika brashi sentimita moja au mbili kutoka kwenye plastiki, rangi umeichanganya na thina ikawa nyepesi kama maziwa, na unavuta kidole nyuma kidogo mno, karibu kwa kufikiria tu. Presha ni psi 10, pengine 12. Ukipandisha hadi 25 kwa ukaribu huo, hewa inaikimbiza rangi mbichi kwenye uso na doa lako linaota vimiguu pande zote. Ukirudi nyuma ili kuliepuka hilo, doa linakuwa ukungu wa sentimita mbili, na Messerschmitt inageuka ya kijivu tupu. Mwenye chupa ya chini amebanwa kati ya mawili hayo. Wapo wanaofanikiwa, na mikono yao naiheshimu, lakini wanashindana na chombo chao wenyewe.

Faida ya pili ya kikombe cha juu ni uchache. Kazi ya madoadoa hiyo hutumia matone. Kwenye kikombe cha juu matone kumi yanatosha kufanya kazi kwa sababu yote yatafika kwenye sindano. Chupa ya chini haitaki kusikia habari za matone: mwisho wa mrija lazima uzame, na ukiinamisha mkono rangi hukimbilia upande mwingine na mrija unavuta hewa. Kichupa cha Tamiya cha mililita 10 ukikimimina kwenye chupa ya mililita 60 kinakuwa tope la chini tu. Na rangi inayobaki mrijani mwishoni mwa kazi huenda na maji ya kuoshea. Kwa anayelipia rangi yake kwa kuagiza kutoka ng'ambo, hilo si jambo la kupuuza.

Halafu usafi. Kikombe cha juu, hasa kile kilichotengenezwa kitu kimoja na mwili, hufikika kwa kidole na kitambaa. Unamimina thina, unapuliza, unapangusa, umeingia kwenye rangi nyingine. Ukitumia akriliki za maji kama Vallejo, ambazo hupenda kuganda kwenye ncha ya sindano kukiwa na joto, wepesi huu utauthamini kila baada ya dakika chache.

Kasoro zake zipo. Kikombe kinasimama katikati ya jicho na kazi, na kikubwa cha mililita saba au zaidi kinaweza kuifunika kabisa ncha ukiwa umeinamia modeli. Ukitaka kupulizia moja kwa moja chini au kwenda juu tumboni mwa ndege, mfuniko ni lazima. Mfuniko huo una tundu dogo, na tundu hilo lina kazi: bila hewa ya chumbani kuingia, rangi haisukumwi na mtu. Rangi ikikauka pale, brashi nzima inaonekana imekufa. Watu wamewahi kufungua nozeli, kuiosha na kuiharibu, wakati tatizo lilikuwa kwenye mfuniko. Chupa ya chini nayo ina tundu lake kwenye kifuniko, na lenyewe huziba upesi zaidi kwa kuwa chupa hutikiswa.

Sasa turudi kwenye Lancaster. Ndege hizo za usiku zilipakwa rangi ya udongo uliokoza na kijani kilichoiva juu, na chini na ubavuni rangi nyeusi ambayo Waingereza waliiita Night. Kwenye 1/32 weusi huo ni sentimita za mraba 1,180 za mabawa peke yake, pamoja na kiwiliwili cha sentimita 66, mikia miwili na vifuniko vya injini nne, vyote vya rangi moja, vyote vikihitaji kufanana. Ukianza na kikombe cha mililita saba, utakijaza, utakimaliza, utachanganya tena, utajaza tena. Kila mchanganyiko unatofautiana kidogo na uliotangulia, na wakati unachanganya, ukingo wa rangi uliouacha unakauka. Unaporudi unaukuta, na unabaki pale kama mshono. Kwa rangi nyeusi isiyong'aa unaweza kuuficha. Kwa koti la mwisho linalong'aa, au kwa rangi nyeusi inayotandikwa chini ya rangi za fedha za Alclad, hauwezi kufichika.

Hapa ndipo chupa ya chini inapodai haki yake, na nadhani wanaoicheka hawajawahi kupaka kitu kikubwa. Unachanganya rangi yote mara moja kwenye chombo, unaichuja, unaigawa kwenye chupa mbili au tatu za mililita 60, na unapulizia bawa zima bila kusimama. Chupa ikiisha unaichomoa na kuchomeka nyingine. Sekunde chache tu, ukingo bado mbichi. Presha ya juu na nozeli pana, ambayo kwa madoadoa ilikuwa adui, sasa ndiyo inayokupa upeo wa sentimita kadhaa kwa mkupuo. Paasche H huja na vichwa vya milimita 0.45, 0.65 na 1.05, na cha mwisho hupitisha praima nzito ambayo ingeisonga sindano ya 0.2. Na juu ya brashi hakuna kitu. Jicho linaona ncha na bawa kwa pamoja.

Tahadhari moja, inayowagusa zaidi wasomaji wa pwani. Presha kubwa na nozeli pana hunywa hewa nyingi, na kompresa ndogo isiyo na tangi hufanya kazi bila kupumzika, inapata joto, na kila lita ya hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Muscat inayobanwa huacha maji yake ndani ya mpira. Wakati wa madoadoa huenda usiyaone. Wakati wa kupaka bawa la Lancaster kwa chupa ya chini, tone moja hutoka mdomoni katikati ya koti linalong'aa. Anayechagua chupa ya chini kwenye hali ya hewa hiyo achague pia tangi na kichujio cha maji, na kichujio kikae karibu na mkono kuliko kompresa, kwa kuwa hewa inahitaji nafasi ya kupoa kabla maji hayajajitenga nayo. Na nyumba za bara zenye ukavu, kama za nyanda za juu, zina tatizo la kinyume: rangi inayosafiri mbali kwa presha kubwa hukauka hewani na kutua kama vumbi, uso ukiguswa unakwaruza kama msasa. Hapo unaongeza dawa ya kuchelewesha kukauka, au unasogea karibu, na kusogea karibu kunakurudisha kwenye kikombe cha juu.

Kikombe cha ubavuni nakipa nafasi ndogo, ingawa wenye nacho hukisifu. Kinachomekwa kwa msuguano kwenye tundu la upande, na unaweza kukizungusha kibaki wima hata brashi ikielekea sakafuni au darini. Jicho halizuiwi. Miundo kadhaa humruhusu anayetumia mkono wa kushoto kukihamishia upande wake, na mingine hupokea kikombe kidogo leo na chupa kesho. Inafanya kazi kwa presha ya chini karibu sawa na ya kikombe cha juu. Ila rangi inapita kona, na kona hiyo huwa na mabaki ya rangi ya jana. Brashi ndogo ya kusafishia lazima iingie pale kila mara. Uzito wa upande mmoja huchosha kifundo cha mkono. Naipendekeza kwa mtu anayepaka vitu vilivyosimama, meli ndefu za 1/350 kwa mfano, ambazo ubavu wake wote unapakwa brashi ikiwa imelala, au anayefanya vielelezo vikubwa ukutani. Kwa ndege na vifaru vya kawaida sioni kwa nini aipite ya juu.

Basi anayenunua moja tu, na anayetengeneza ndege za 1/72 na 1/48 au vifaru vya 1/35, anunue ya kikombe cha juu, vitendo viwili, sindano kati ya 0.3 na 0.4. Itamfanyia madoadoa, itamfanyia andakoti, na hata Lancaster itamfanyia kwa uvumilivu. Asinunue ya kikombe kidogo sana kwa kudhani kwamba udogo ni ufundi. Mililita saba ni wastani mzuri. Asihadaike pia na tangazo linalosema brashi moja yenye kikombe cha juu na chupa chini kwa wakati mmoja humaliza mambo. Mwili wenye njia mbili za kuingilia rangi una sehemu mbili za kuvuja na mbili za kusafisha.

Anayejikuta amevutwa na ndege kubwa, meli, au modeli za magari zinazohitaji koti la wazi lisilo na ukingo, aongeze ya chupa chini baadaye, ya bei ndogo, ya kitendo kimoja. Haina haja ya kuwa ya kifahari. Kazi yake ni kumwaga rangi kwa upana, na Paasche H imeifanya kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaosoma hapa. Kwenye Lancaster yangu ya kufikirika, chupa ingepaka praima yote na weusi wote wa chini, kisha brashi ya kikombe cha juu ingeshika mipaka laini kati ya udongo na kijani juu ya mabawa, na masizi ya mabomba ya moshi nyuma ya injini.

Ukiwa na zote mbili, nunua viunganishi vya kuchomeka haraka ili mpira mmoja uzihudumie. Angalia nyuzi kabla ya kulipa: brashi nyingi za Kijapani na za Kichina hutumia nyuzi za robo ya nusu inchi, yaani 1/8 BSP, wakati Paasche na Badger kila moja ina nyuzi zake, na bila adapta ya saizi yake hakuna itakayoingia kwenye mpira wa mwenzake.